Safu Ndani ya Bido

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa primeri, kisha nikashika jembe. Sina haya ya kusema hivyo. Nilifika Hombo kijana, bila baba wala shamba, na parsele yangu, kipande changu cha udongo, niliipata kwa kupanda miti. Huku kwetu kupanda maharagwe ni kula tu, lakini kupanda muti ni kusema udongo ni wako. Kila mutu anajua hivyo, hata asiyejua kusoma.

Kwa hiyo siku vita ilipotufukuza, wengine walibeba magodoro. Mimi niling'oa kimuti cha safu kilichoota nyuma ya jiko, nikakiweka na udongo wake ndani ya bido, dumu la mafuta ya mawese nililolikata juu. Kilitoka kwa mbegu ya safu yangu ya kwanza, ile ya matunda makubwa, ukiyachoma kwenye majivu yanalainika kama siagi. Bibi yangu, mwanamuke niliyemuoa, aliniangalia.

"Papa, sufuria atabeba nani?"

"Wewe."

"Njo hivyo. Mimi nabeba sufuria, wewe unabeba pori."

Alizibeba, na alinisema toka kwetu Walikale mpaka Masisi bila kuchoka.

Huko juu, Karuba, tulipokelewa na mukulima mumoja wa familia iliyolima vile vilima tangu zamani. Mukristo, mutu wa maneno machache. Alitupa chumba na kipande cha shamba. Kisha akaona bido.

"Kaka, ile iko nini?"

"Safu."

"Maharagwe, panda. Viazi, panda. Muti, hapana."

"Sijaomba."

"Njo maana nakuambia mbele hujaomba."

Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningesema vile vile. Nikamujibu kwamba muti wangu uko kwenye udongo wa Hombo, udongo uko ndani ya bido, na bido nitaiweka juu ya jiwe. Udongo wake haujaguswa. Akazunguka jiwe, akainama, akatazama chini ya bido kama mizizi haijatoka. Tangu siku ile aliinama pale kila asubuhi.

"Unatafuta nini?" nilimuuliza.

"Ninasalimia."

Shida yangu haikuwa yeye, ilikuwa baridi. Safu ni muti wa pori la joto, na Karuba ng'ombe wanatoa moshi puani. Majani yakawa ya njano. Wakati ule watu wa kwetu walituletea habari kwamba miti yangu yote Hombo imekatwa kuni. Basi kimuti kile tu njo kilibaki. Kikifa, nitarudi nyumbani kama mugeni. Mvua ya mawe ikija nilikiingiza ndani, na asubuhi za baridi nilikifunika na kitenge cha bibi yangu.

"Siku nitaugua," alisema, "utanifunika na majani?"

Siku moja mwenye shamba alikuja mulangoni, kofia mukononi. Sikuwa nimeona kichwa chake bila kofia.

"Kaka, mbuzi yangu imekula muti yako."

Nilikimbia. Yalibaki majani mawili na kijiti. Nilikaa chini kama mutu amefiwa. Yeye akaenda, akakata fito, akajenga lupango kuzunguka jiwe, na kamulango kadogo ka kuingiza mukono. Watu waliopita kwenda soko la Mushaki walisimama kucheka: bido yenye lupango, na mwenye bido hana hata kitanda. Yeye hakucheka. Bibi yake alianza kuleta samadi bila kuulizwa, na kimuti kikatoa jani la tatu, la ine, mpaka nikatafuta bido kubwa zaidi.

Vita ilipotulia kwetu, siku ya kurudi, mwenye shamba alibeba bido mwenyewe mpaka barabarani, Mushaki.

"Nataka nione na macho yangu inatoka kwangu."

Lakini alipoiweka chini, alifuta vumbi kwenye majani, moja moja.

Hombo nilikuta visiki. Nilipanda safu siku ile ile, mbele ya kujenga nyumba. Mwaka wa sita ukazaa, na safu kama yangu hautaipata njia nzima, mutu asikudanganye.

Kisha vita ikapanda Karuba. Nikamuona yule mwenye shamba njiani anakuja: bibi yake, mbuzi, na begani bido iliyokatwa juu. Ndani kulikuwa kimuti cha avoka, yaani parachichi, toka shamba lake.

Sikumusalimia kwanza. Nilisema: "Kaka, maharagwe, panda. Muhogo, panda."

Alisimama. Bido hakuiweka chini. Akaanza kuzungusha macho kwenye parsele yangu, polepole, na nikaelewa anatafuta jiwe.

Muzaha wangu ukaishia pale. Bibi yangu alikuwa ametoka jikoni na sahani ya safu.

"Papa, umuonyeshe jiwe ao umupe jembe. Chakula inapoa."

Nilimupa jembe. Alichimba hatua kumi na tano kutoka muti wangu, shimo la mutu anayejua. Alipomaliza kukanyaga udongo, nikainama kuangalia chini.

"Unatafuta nini?"

"Ninasalimia."

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu nimujue. Tukafunga mbuzi mbali, tukaenda kula.