Tohara Iliyongoja

Mwanangu alikuwa mchanga nilipoona mkojo wake unatokea upande wa chini, si kwenye ncha. Mume wangu alikuwa kazini hotelini kule Chale, akija nyumbani Msambweni siku za mapumziko tu. Sikumwambia mtu. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda hospitali.

Daktari alimkagua bila haraka. "Tundu la mkojo limefunguka chini badala ya mbele," akasema. "Wavulana wengi huzaliwa hivi, wala si kosa lako. Akikua kidogo tutamfanyia upasuaji. Lakini msimtahiri kabla. Ngozi ile huenda tukaihitaji kumtengenezea njia."

Pale maneno yalikuwa mepesi. Nyumbani yakawa mazito.

Mavyaa, mama wa mume wangu, alikwisha kuzungumza na mtahiri. Wajukuu watatu wangetiwa tohara pamoja.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Wangu atangoja. Daktari amekataza."

"Marahaba. Atangoja mpaka lini, na ni mtoto wa Kiislamu?"

"Ana hitilafu kidogo."

"Hitilafu gani?"

Sikutaka maumbile ya mwanangu yawe mazungumzo ya mtaani. Mavyaa akanitazama, akaondoka.

Siku ya tohara ya binamu zake nilikaa jikoni nikichambua mchele. Nje wanawake walipiga vigelegele. Mmoja akauliza, kwa sauti ya kutaka nisikie, kama mtoto wangu amebadilishwa dini. Tangu hapo sikumwachia mtu amwogeshe wala ambadilishe nguo. Nikaacha kwenda harusini. Mume wangu nikimpigia simu hujibu, "Fanya alivyosema daktari," kisha huniuliza habari za mvua.

Upasuaji ulifanyika Mombasa, mtoto akiwa ameshaanza kusema. Alipozinduka alikuta mpira wa mkojo na bandeji. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuijua kwake.

"Mama, mbona uliwaacha wanikate?"

Nilimshika mkono, akauvuta.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja mwenye asili ya bara, anayelima huku kwetu Kwale, na mwanawe mwenye bandeji kama ile. Tulitazamana.

"Hata wako?" akauliza.

"Hata wangu."

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kanga. Nilidhani duniani niko peke yangu, kumbe naye alidhani hivyo hivyo. Tulizungumza mchana kutwa. Nilipokwenda kumfulia mtoto nguo, wao wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu, na hatukuwa tumepeana hata namba ya simu.

Mpira ulipotolewa, mkojo ulipita mbele, lakini kwenye mshono pakabaki kitundu kinachovuja. Tuliambiwa hutokea. Baada ya miezi kadhaa tulirudi, kikazibwa. Sasa mwanangu anakojoa kama wenzake, na hakumbuki hasira yake.

Tuliporudi safari ile ya mwisho, mavyaa aliuliza jambo moja tu.

"Ametahiriwa?"

"Ametahiriwa, mama. Walimfanyia huko huko."

"Alhamdulillahi." Akapika pilau, akaita majirani. Mume wangu alikuja, akapokea pongezi barazani. Wanawake waliniambia hongera, wakanikalisha katikati yao. Nilitaka kumweleza hata mmoja yote yaliyotupata, lakini nilikuwa nimenyamaza muda mrefu mno. Nikaomba nipitishiwe ndimu.