Weka Hapo Hapo

Nimechoka na kompyuta. Zimenilisha zaidi ya miaka ishirini, zimewasomesha wanangu, lakini nimechoka nazo kiasi kwamba mtu akinipigia simu na kuanza na "fundi, samahani kidogo," mgongo unaanza kuuma kabla hajamaliza. Fundi wa kompyuta hapa Kakamega ni mtu wa kuinama. Unainama chini ya meza ya karani, unainama nyuma ya kabati la shule, unapangusa mavi ya mijusi kwenye nyaya, kisha unaulizwa mbona umechelewa. Asubuhi niko mjini, saa sita niko Likuyani, jioni nashuka kwenye boda boda na vumbi hadi kwenye meno.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakinichoshi: jinsi mfumo wenyewe ulivyojipanga ndani. Nasema ule mfumo wa bure ninaowawekea watu. Humo kila kitu kinaanzia kwenye mzizi mmoja, na kila folda ina kazi yake. Folda ya home ni ya watu, kila mtu na kwake. Ya var huweka mambo yanayobadilika, pamoja na kumbukumbu za kila lililotokea, saa na dakika. Ya etc ndiyo yenye amri: faili za maandishi matupu, unazisoma kama barua, na mashine ikiamka inazisoma ndipo ijue itaishije siku hiyo. Badilisha neno moja humo na mashine inabadilika tabia. Nyumbani kwangu hata soksi sijui zilipo, lakini humo nilijua kila kitu kilipokaa, na nilijivunia hilo kupita kiasi.

Parokia yetu iko upande wa Khayega. Aliyekuwa akichapa vitabu vya ubatizo pale ofisini ni mama mmoja mstaafu aliyenifundisha darasa la nne. Watu wote humwita Mwalimu, hata padri. Darasani hakuwa mkali wa fimbo, alikuwa mkali wa maswali. Ukimwambia kalamu imekosea, alikutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Kalamu?" Basi. Ulirudi kwenye dawati umenywea.

Kazi ile aliiomba mwenyewe, ya kujitolea, kwa sababu mchwa walikuwa wameingia kabatini. Na kwetu cheti cha ubatizo si mchezo. Bila hicho hufungi ndoa kanisani, na padri hawezi kukuandikia cheti kama jina lako halimo kitabuni. Mwalimu alikaa pale kila siku, akifunua kurasa kwa kisu cha kupakia siagi kwa sababu kwa vidole zilikuwa zinavunjika, akisoma jina, akichapa kwa vidole viwili.

Sasa, wezi walikuwa wamebeba kompyuta ya kwanza. Kwa hiyo padri akaamua kwamba kazi yote iwekwe kwenye diski ndogo ya nje, na kila jioni aliichomoa mwenyewe akaenda kuifungia nyumbani kwake, kabati moja na divai ya misa. Asubuhi anairudisha.

Katika mfumo ule diski haisimami peke yake. Unaitengenezea folda tupu, na ikichomekwa inakaa juu ya hiyo folda. Ukifungua unaona vilivyomo kwenye diski. Diski isipokuwepo, folda inabaki pale pale, jina lile lile, inafunguka vizuri kabisa, ila unachoweka kinaingia kwenye kompyuta yenyewe. Na diski ikirudi, ulichoweka hukioni tena. Hakijafutika, kimefunikwa tu, kama mahindi uliyoanika uani mvua ikakulazimisha kutandika turubai. Mpita njia anaona turubai. Haya yote nilikuwa nayajua, jamani. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwanzoni mashine ilikuwa inagoma kuwaka bila diski. Padri akichelewa kuileta, skrini inabaki nyeusi na maandishi ya Kiingereza, na Mwalimu ananipigia saa moja asubuhi. Nilipanda boda boda mara tatu kwenda kumwambia padri achomeke diski. Mara ya tatu nilikuwa nimekasirika. Nikafungua ile faili ya etc inayopanga diski, nikaongeza neno moja linaloiambia mashine: diski isipokuwepo, usilalamike, endelea na kazi. Kazi ya nusu dakika. Nikaondoka nikipiga mluzi, nikajua sitasumbuliwa tena.

Na kweli sikusumbuliwa. Padri alienda mafungo, akaunganisha na likizo, diski ikabaki kabatini na divai. Hakuna aliyekumbuka. Jumatatu hiyo Mwalimu alikuwa anaanza kitabu kipya, kile cha zamani kuliko vyote, ambacho mchwa walikuwa wamekila zaidi. Akawasha kompyuta, ikawaka vizuri. Akanipigia simu. Nilikuwa juu ya dari ya shule huko Likuyani, nimeshika waya kwa meno.

"Fundi, folda yangu iko tupu."

Nikamwambia, "Si unaanza kitabu kipya, Mwalimu? Lazima iwe tupu. Weka hapo hapo."

"Hata vile vya zamani sivioni."

"Vitakuja padri akirudi. Wewe weka hapo hapo."

Akasema asante, mwanangu. Mimi nikarudi kwa waya wangu, na kabla ya jioni nilikuwa nimesahau kama tumeongea.

Alichapa wiki tatu. Majina zaidi ya mia nne, kila moja na baba, mama, msimamizi na tarehe. Kitabu kilikuwa kinageuka unga mikononi mwake, na alipomaliza ukurasa wa mwisho aliwaambia wazee wa kanisa kwamba sasa wanaweza kukichoma ili mchwa wasihamie kwa vingine. Wakakichoma nyuma ya jiko la parokia.

Padri akarudi, akachomeka diski. Wiki hiyo hiyo akaja binti anayetaka kuolewa, pamoja na mama yake aliyetaka kwanza kubariki ndoa yake mwenyewe, wanatafuta ubatizo wa mama ambao ulikuwa kwenye kile kitabu. Padri akatafuta. Vitabu vyote vilikuwepo isipokuwa hicho. Hata jina moja hakuna.

Kamati ya parokia ikaitwa. Tulikuwa tisa mezani, na Mwalimu wa kumi. Mimi niliitwa kama mtaalamu. Nilifungua folda mbele yao, nikatafuta, nikageuka nikasema kwa ile sauti yangu ya kazi, "Kompyuta haidanganyi. Hapa hakuna kitu, na hakuna dalili kwamba kuliwahi kuwa na kitu."

"Niliweka pale uliponiambia," Mwalimu akasema. "Nilikupigia simu."

Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu, vile mafundi hutabasamu mteja akisema hajagusa kitu. Sikuikumbuka ile simu. Au niliikumbuka kidogo nikaamua kutoikumbuka, siku hizi sijui. Ningefungua faili moja tu kule var, ningeona wazi kwamba kwa wiki tatu diski haikuwepo. Ilikuwa karibu saa kumi, nilikuwa na njaa, nilikuwa na wateja wawili wananingoja. Sikuifungua.

Hakuna aliyemtukana. Mwenyekiti alisema tu kwamba uzee ni uzee, na kwamba ingekuwa heri angesema kazi imemshinda kabla kitabu hakijachomwa. Mwalimu akachukua mkoba wake, na kile kisu cha siagi, akatoka.

Mnajua watu wa kwetu. Kufikia Jumapili, sokoni Khayega mtu akikaa bure anaulizwa, "Unachapa ubatizo?" Watoto wa shule wakauchukua msemo huo. Mwalimu akaacha uenyekiti wa kina mama, akahama kutoka benchi lake la mbele akawa anakaa la mwisho, karibu na mlango, na misa ikiisha anakuwa ameshaondoka. Mtu aliyetufundisha kusoma, nusu ya kanisa lile, wakamfanya mwongo. Na mimi ndiye niliyewapa ruhusa.

Ukapita mwaka na miezi. Padri akahamishwa, akaja mwingine. Juzi juzi aliniita niwawekee printa mpya. Nilipofika alikuwa ameenda Mumias kwenye mazishi, na diski ameifungia. Nikasema haidhuru, printa haihitaji diski. Nikawasha, na kwa mazoea tu nikafungua ile folda kutafuta karatasi ya kujaribia. Nilitarajia iwe tupu.

Haikuwa tupu. Kulikuwa na faili moja kwa kila mwaka, zimepangwa vizuri, majina kwa herufi kubwa vile yeye hupenda. Nikafungua ya kwanza. Baba, mama, msimamizi, tarehe. Mayi! Nilikaa kwenye kile kiti chake, jasho likanitoka kwapani kama mtu aliyebeba miwa. Sikuhitaji kutafuta sababu. Nilijua papo hapo, nikakumbuka dari ya Likuyani na waya mdomoni.

Nitasema ukweli: wazo la kwanza halikuwa zuri. Nilifikiri kuzinakili kimya kimya, nimwambie padri mpya nimezipata mahali, mambo yaishe. Nilikuwa nimechoka, na kuomba msamaha ni kazi nyingine tena. Lakini kila nikifunga macho namwona akichukua mkoba wake. Nikachapisha zote, nikajikaza kisabuni, Jumamosi nikaenda kwake.

Nilimkuta jikoni akichambua mrenda. Amekonda. Akanivutia kigoda, akaniuliza habari za watoto. Nikamweleza yote, folda, diski, turubai, lile neno nililoongeza kwa hasira. Nikamwekea karatasi mapajani. Aliinua ya juu, akaisogeza karibu na miwani, akasoma majina mawili matatu kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo yalikuwa hapo," akasema.

"Yalikuwa hapo, Mwalimu."

"Siku zote."

"Siku zote."

"Na nilikupigia simu."

"Ulinipigia."

Akarudi kwa mrenda wake. Alichambua majani kadhaa. Mimi nilikuwa natamani anitukane. Nikamwambia nimeumia sana, nikamwambia naomba anisamehe, nikamwambia nitamwomba padri amwandikie barua nzuri ya shukrani.

"Hapa jikoni tuko wangapi?" akaniuliza.

Nikatazama. "Wawili, Mwalimu."

"Wawili na kuku. Na siku ile?"

"Tulikuwa kumi."

"Na kufikia Jumapili?"

Nikaokota jani la mrenda, nikaanza kulichambua. Akasema, "Wewe ulikuwanga hivyo hivyo hata darasani. Ukikosea ubaoni unakuja kusahihisha kwa meza yangu, polepole, wenzako wakitoka kucheza. Nimekusamehe, kwa nini nikae na mzigo wako? Lakini kesho kuna matangazo baada ya komunyo. Utasimama useme." Kisha akaniuliza kama nitakula obusuma, ugali wa kwetu, na nikala.

Jumapili kanisa lilijaa. Yeye alikuwa benchi lake la mwisho, karibu na mlango. Katibu alisoma tangazo la ndoa, tangazo la jumuiya, la kusafisha kanisa, kisha padri, niliyemwomba nafasi asubuhi hiyo, akanipa ishara. Nilipanda mbele na zile karatasi. Nikasema kwamba kitabu cha ubatizo kilichodhaniwa kupotea kimepatikana chote, na kwamba Mwalimu alikuwa amekichapa, kila jina, hadi la mwisho. Watu wakageuka nyuma kumtazama. Ningekomea hapo. Nilitaka sana kukomea hapo.

"Kilichotokea," nikaendelea, "ni kwamba kulikuwa na hitilafu kidogo ya mashine."

Kutoka mlangoni, bila kupaaza, sauti ikauliza:

"Mashine?"

Wengi mle ndani wanaijua sauti ile, walikaa kwenye madawati ya darasa lake. Niliweka karatasi chini. Nikataja jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, vile alivyotufundisha kujitambulisha. Nikasema ni mimi.