Anaifua damu kila siku, lakini kuongezewa hataki

Jua halijapanda vizuri, na tayari Bi Baridi amezama hadi viwikoni kwenye karo la maji, akipekecha shuka lililotoka chumba cha upasuaji. Mfanyakazi mpya wa chumba cha kufulia anaingia na ndoo inayofuka mvuke.

"Irudishe ilikotoka hiyo," anamwambia bila kugeuka. "Damu ukiipelekea maji ya moto inafunga ndoa na shuka. Hawaachani tena. Yake ni maji ya baridi."

Ndiko jina lake lilikotoka. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu wa hospitali hii, wote wanamwita Bi Baridi. Amefua hapa tangu mwanawe wa kwanza akiwa mgongoni, na sasa mwana huyo ana ndevu. Damu anaijua kwa rangi, kwa harufu na kwa ukaidi wake.

Lakini ya mtu mwingine kuingia mwilini mwake, hataki. Dini yake inafundisha kwamba damu ni uhai na uhai ni mali ya Muumba, hivyo muumini haili wala haongezewi.

"Wenzangu wananitania," anasema huku akikamua shuka. "Wananiambia, wewe damu huitaki na ndiyo inayokulisha. Nawauliza, na kinyozi je, anakula nywele?"

Utani huo ulipoa mwaka huu, alipogundulika kuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Kila mwezi ulimwaga damu nyingi, hadi akipanda ngazi za kwao anakaa katikati kama anayesubiri mgeni. Kipimo cha wingi wa damu kilishuka hadi saba, wakati mwanamke mzima anatakiwa afike kumi na mbili. Daktari alimwambia lazima apasuliwe, na kwamba bila damu ya akiba anaweza kufia mezani.

"Nilimwambia, daktari, nimekuelewa vizuri. Pasua, ila damu ya mtu usiniwekee." Daktari akakataa kumgusa.

Jibu hilo lilimuuma zaidi mumewe. Yeye ni fundi wa viti vya magari, si muumini wa dini ya mkewe, na amechangia damu mara nyingi mpaka wanamwita Kisima. Kabati lao limejaa fulana za wachangiaji.

"Nyumba moja," analalamika Kisima, sindano kubwa ya kushonea ikiwa mdomoni. "Mimi bomba, mwenzangu kafunga koki. Watu nisiowajua wanatembea mjini na damu yangu. Wangu wa ndani hataki hata tone."

Hakukaa kimya. Alitafuta hoja siku kadhaa, akaja nayo mezani wakati wa chakula.

"Mama watoto, maandiko yenu si yanasema mume na mke ni mwili mmoja? Basi damu yangu ni yako. Hapo hujachukua ya mtu."

"Kama ni mwili mmoja," mkewe akamjibu, "mbona nyama umekula wewe na njaa ninayo mimi?"

Kisima akaipeleka hoja yake kwa mzee wa kutaniko la mkewe. "Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hoja ni mpya ila jibu ni lilelile, kisha akanikaribisha ibadani. Nikamwambia, mzee wangu, nimekuja kumwopoa mke, sikuja kunaswa."

Anaitoa ile sindano mdomoni. "Ukimwona alivyokonda utadhani fremu ya kiti iliyovuliwa sponji. Mimi naongea sana, najua. Nikinyamaza nawaza mabaya."

Mlango ulifunguliwa na daktari mwingine, mama mmoja mpasuaji. Alikubali kumpasua kwa masharti mawili. Kwanza, damu yake mwenyewe ipande kwa dawa hadi kumi na mbili. Pili, mgonjwa aseme uamuzi wake akiwa peke yake.

"Aliwatoa wote nje, mume na watu wa dini," anakumbuka Bi Baridi. "Akaniuliza, mama, tukifika ukingoni, jibu bado ni hilo? Nikasema ni hilo. Akaniuliza, unaogopa? Nikasema, naogopa sana."

Dawa ikaanza. Siku ya kwanza alitundikiwa dripu ya madini ya chuma, maji ya kahawia iliyokolea ambayo kwa mbali ungeapa ni damu. Kisima aliapa. Alipofika mlangoni mwa wodi na kuona mrija, alipiga magoti palepale.

"Umekubali, mama watoto," akasema, machozi yakimtoka. Alizunguka kitanda hadi kitanda akipeana mikono, akamwamsha hata mgonjwa aliyekuwa amelala ili ampongeze. Kisha akampigia simu mama mkwe, naye huko aliko akaanza kupiga vigelegele.

"Baba," muuguzi akamshika bega, "hiyo siyo damu. Ni chuma."

Kisima akautazama mrija, akamtazama mkewe.

"Chuma? Si atashika kutu?"

Wagonjwa wenye nyuzi tumboni walijishika kwa kucheka, wakiomba mtu amtoe nje. Mama mkwe, simu ikiwa bado hewani, akauliza ni nani anashika kutu.

"Mimi nilikuwa natazama tone lililodondokea shuka," anasema Bi Baridi. "Doa la chuma halisikii maji, ya moto wala ya baridi. Lile linataka ndimu."

Wiki iliyopita kipimo kilisoma kumi na moja. Kikiongezeka kidogo tu, atapasuliwa Alhamisi ijayo. Daktari amemweleza wazi kwamba hatari imepungua, haijaisha.

Kisima ameshapanga. Siku hiyo, mkewe akiingia chumba cha upasuaji, yeye ataingia chumba cha kuchangia damu, impate yeyote mwenye shida. Anasema akikaa bure kwenye benchi atapasuka kabla ya mgonjwa.

"Nimemwambia atoe, mkono ni wake," anasema Bi Baridi, akianika shuka la mwisho. "Ila ale kwanza. Nikifumbua macho nataka nimkute kitini anaongea. Nikikuta kimya, nitajua nimekufa."