Kipa Asitoke

Chumbani kwetu Muaither, Qatar, waliniita Profesa, nami nilipenda sana kuitwa hivyo. Shule niliiachia kidato cha nne, na kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye geti la shule moja huko Al Rayyan, kuandika nambari za magari na kuwaomba wageni kitambulisho. Lakini tukishakaa vitandani, walinzi sita, Wakenya wanne na Waganda wawili, na mazungumzo yakageukia mpira, hakuna aliyenishinda kwa mdomo. Nilijua kwa nini kocha huyu kafungwa na kwa nini yule atafukuzwa. Mpira wenyewe sikuwahi kuucheza. Utotoni nilikuwa yule anayeachwa pembeni ashike mashati ya wenzake.

Mpira wa Kiairishi tuliukuta pale kazini. Walimu kadhaa wa shule ile walitoka Ireland, na kila Ijumaa jua likipoa walikuja uwanjani pamoja na manesi wa kwao, wakaanza kitu ambacho mwanzoni tulikicheka. Mpira wanaudaka kwa mikono, wanakimbia nao, wanaupiga teke, wanaurudisha mikononi. Goli lina milingoti mirefu miwili inayopanda juu. Mpira ukiingia wavuni ni pointi tatu, ukipita juu ya mtambaa panya ni moja. Mganda mmoja alitazama dakika kumi akasema, "Banange, hawa wameshindwa kuchagua mchezo mmoja."

Kilichotunasa ni kaunti. Tuligundua kwamba huko kwao kila kaunti ina timu yake, mtu huchezea alikozaliwa, na halipwi. Anafundisha au anakamua ng'ombe wiki nzima, Jumapili anajaza uwanja. Mkenya haelezwi kaunti mara mbili. Ilipofika msimu wa ubingwa wao tulikuwa tunasimamisha simu kwenye chupa ya chai na kubishana kama wenyeji. Majina ya timu yalitushinda kutamka, tukaziita kwa jezi: wale wa kijani na dhahabu, wale wa buluu, wale wekundu. Kila mtu akachukua kaunti yake. Mimi nilichukua moja ambayo kocha wake alisifiwa kwa akili, maana nilijiona tunafanana.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya makipa. Kulikuwa na timu ambayo kipa wake aliacha goli wazi akapanda mpaka upande wa wapinzani, ili wenzake wawe wengi kwa mtu mmoja. Chumba kiligawanyika.

"Huyo kipa ni mwendawazimu," alisema Mkenya wa kitanda cha dirishani. "Wakipoteza mpira je?"

"Wewe acha," nilimjibu. "Hiyo ni hesabu. Mmoja zaidi mbele, hawawezi kuwakaba wote. Kocha anayeogopa hilo ni wa zamani, ajiuzulu arudi nyumbani."

Nilichora uwanja nyuma ya boksi la viatu, nikapanga vifuniko vya soda. Walicheka, lakini walisikiliza. Aliyesikiliza kuliko wote ni jamaa wa kitanda cha chini yangu.

Huyu ndiye ninayeandika habari zake, na naona haya kuanza. Alikuja Qatar miaka miwili baada yangu, tunatoka kaunti jirani, na umri wetu ni mmoja. Mimi ndiye niliyempokea, nikamwonyesha pa kununua unga wa ugali na namna ya kusimama saa kumi na mbili bila kiuno kuvunjika. Hakuwa msemaji. Nyumbani alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha sukari, jambo alilolitaja mara moja tu, nami sikumuuliza zaidi kwa sababu siku hiyo nilikuwa nikieleza kitu changu.

Ijumaa moja akiwa hana zamu alikuja kusimama kando ya uwanja. Kipa wa Waairishi alikuwa amehamia nchi nyingine. Mwalimu wa michezo, mwanamke mrefu mwenye krimu nyeupe ya jua puani, ndiye aliyekuwa kocha wao. Sisi tulimwita Mudira, yaani bosi wa kike kwa Kiarabu. Alimwona jamaa yangu amesimama bure akamwita aingie. Mpira wa kwanza aliudaka juu kabisa, kwa mikono miwili, kama mtu anayeshusha sufuria rafuni. Kuanzia siku ile akawa kipa wao.

Chumba kizima kilijivuna. Mimi pia nilijivuna, ila kulikuwa na kitu kidogo kinanichoma. Miaka yote nilikuwa nachambua, na yeye ameingia uwanjani bila kusema neno.

Kisha ikaja habari ya kazi. Shule ilitaka msaidizi wa michezo, mtu wa kuandaa vifaa, kusimamia mazoezi na kupelekwa kozi ya ukocha. Ilikuwa kazi ya mchana, kivulini nusu ya siku, na mtu anaitwa mwalimu. Mudira alimwambia kipa wetu kwamba mashindano ya timu za Ghuba yakiisha, atapeleka jina lake ofisini. Jamaa yangu alinisimulia hayo huku akikunja shati la kazi, akilikunja na kulikunjua tena. Mke wake alikuwa ameshaambiwa. Binti yake wa miaka minane alikuwa ameshatangaza darasani kwamba baba ni mwalimu wa michezo Qatar.

"Usimwambie mtu," alisema. "Bado haijawa."

"Iko mfukoni hiyo," nikamwambia, na nilimaanisha.

Mashindano yalifanyika kwenye uwanja wetu, majira ya baridi, timu zikitoka nchi za jirani. Walicheza tisa kwa tisa, kwenye uwanja uliokatwa mfupi, vipindi vifupi. Mudira alimpa kipa agizo moja asubuhi na akalirudia kabla ya kila mechi: kipa asitoke. Nilimsikia kwa masikio yangu, kwa sababu siku hiyo nilipangwa kwenye kigeti cha waya kilicho nyuma ya goli.

Timu yetu ilifika fainali. Kufikia mapumziko walikuwa sare. Jamaa yangu alikuja kwenye waya kunywa maji, jasho linamtiririka, ana furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mimi niliyekuwa nimesimama pale tangu asubuhi, nisiulizwe neno na mtu, nikaona zamu yangu imefika.

"Wamechoka hawa," nilimwambia. "Dakika za mwisho mkipata mpira, panda. Utakuwa mtu wa tisa mbele, wao wanane. Mtawamaliza."

"Mudira amesema nisitoke hata kidogo."

"Mudira anafundisha watoto kuruka kamba. Mimi nimewatazama watu wake msimu mzima. Niamini."

Aliniangalia kidogo. "Una uhakika, Profesa?"

"Asilimia mia."

Dakika ya mwisho walikuwa bado sare. Mpira ukawa wetu. Akageuza shingo upande wa waya, nami nikampungia mkono: panda. Akapanda. Wakapoteza mpira katikati, na beki wa wapinzani, bila hata kuinua kichwa, akaupiga teke moja refu. Kwenye uwanja wa ubingwa, mpira ule ungeangukia mbali na kipa angekuwa na muda wa kurudi. Uwanja wetu ulikuwa umekatwa mfupi. Mpira ulidunda mara mbili mbele yangu ukaingia wavuni taratibu, hakuna mtu. Nilikuwa karibu nao kuliko binadamu yeyote. Nilielewa kosa langu lote kabla filimbi haijalia: yale niliyoyaona kwenye simu yalikuwa ya watu kumi na tano kwenye uwanja mpana, nami nikayachukua jinsi yalivyo nikayaleta kwenye kiuwanja cha watu tisa.

Wale watu wana desturi. Mechi ikiisha, wameshinda wameshindwa, wanakaa pamoja wanaichambua papo hapo, kila mtu anasema lake, na hakuna kukasirika. Siku hiyo walikaa chini ya hema, sinia za wali na kuku katikati, chai ya karaki, nzito ya maziwa na iliki, ikizunguka kwenye vikombe vya karatasi. Na sisi walinzi tuliitwa tule. Beki mmoja akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa nalo kooni: kwa nini kipa alitoka?

Jamaa yangu akainua macho, akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeshika kitanda upande mmoja, anasubiri mwenzake ashike upande wa pili wakiinue.

Sikushika. Niliangalia kikombe changu.

"Niliamua mwenyewe," akasema. "Samahanini."

Ningeweza kuishia hapo, nikawa mwoga wa kawaida tu. Lakini Mkenya wa kitanda cha dirishani, kwa kunitania, akamwambia Mudira kwamba hapa tuna profesa wa mpira wao, aulizwe. Mudira akacheka, akanigeukia: wewe uliona nini? Watu wote wakaniangalia. Mimi ambaye nilingoja maisha yangu yote kuulizwa swali hilo mbele ya watu, nikasimama.

Nikachambua. Nikasema kwenye uwanja mfupi teke moja linatosha, kwamba faida ya mtu mmoja mbele haifikii hasara ya goli tupu, kwamba yanayofaa kwa kumi na tano hayafai kwa tisa. Nikachora kwa kidole juu ya meza. Nikamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo kipa asitoke." Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno nilikuwa nimejifunza robo saa iliyopita kwa gharama yake. Waairishi walitikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja alisema huyu ndiye angekuwa kocha. Naandika haya masikio yakiwaka moto: nilifurahi. Kwa muda wa kama pumzi mbili, nilifurahi kweli. Kisha nikamwona amekaa, sahani mapajani, anachambua mfupa wa kuku usio na nyama.

Wiki mbili baadaye Mudira alikuja getini. Aliniuliza kama nina cheti cha kidato cha nne. Akasema kwamba kwa ile kazi wanahitaji mtu anayefuata maelekezo na anayeuelewa mchezo, na kwamba alivutiwa na maelezo yangu chini ya hema. Hapo ndipo pengine palikuwa mahali pa kusema. Alikuwa peke yake, hakuna gari, hakuna mgeni, na aliningoja nijibu.

Nikasema, "Asante sana, Madam. Cheti ninacho."

Nilimkuta jamaa yangu jikoni akisonga ugali. Njiani nilikuwa nimepanga majibu ya matusi yote ambayo angeweza kunitukana, na kwa kila tusi nilikuwa na utetezi. Nikamwambia kazi nimepewa mimi. Mwiko ulisimama, kisha ukaendelea.

"Hongera, Profesa."

"Ile siku kwenye waya, mimi—"

"Khalas, bana. Leta sahani."

Nikaleta sahani. Tulikula. Hakunitukana siku hiyo wala nyingine, na utetezi wangu wote bado ninao, haujatumika.

Sasa ninavaa fulana ya shule na filimbi shingoni. Kila asubuhi napita kwenye geti nililolisimamia miaka minne, na mara nyingi yeye ndiye yuko zamu. Wafanyakazi husaini kitabu. Ananipa kalamu, ananiuliza nimelalaje, tunazungumza juu ya joto. Chumbani hawajaacha kubishana juu ya makocha na mbinu, na mtu akitaka kumtania humwita yeye "aliyetupotezea kombe". Yeye hucheka. Mimi huwa na kitu cha kutafuta chini ya mto. Sikuwahi kuwaambia, wala Mudira sijamwambia mpaka leo.

Juzi nilifika mapema. Alikuwa kwenye kibanda akiongea na nyumbani kwa video, kofia ya ulinzi ameivua ameiweka mezani, na juu ya shati la kazi amevaa jaketi na kuifunga zipu hadi kidevuni, ingawa asubuhi ile haikuwa na baridi. Binti yake alikuwa anajiandaa kwenda shule. Nikasalimu, naye aliposikia sauti yangu akauliza ni nani. Baba yake akasita, kisha akaigeuza simu kunielekea. Mtoto aliiangalia filimbi yangu.

"Baba, huyu ndiye mwalimu mwenzako?"

Ndipo nikaelewa kwamba hakuwahi kumwambia. Miezi yote hii mtoto yule amekuwa na baba mwalimu. Jamaa yangu alinitazama juu ya simu, macho yaleyale ya chini ya hema, ameshika upande wake.

"Ndiyo," nilimwambia mtoto. "Lakini kocha ni baba yako. Mimi namsaidia kubeba mipira."

Mtoto akacheka, akasema lazima iwe mingi sana. Baba yake akamwambia atachelewa, wakaagana. Akafungua zipu, akavua jaketi, akavaa kofia. Ilikuwa mara ya kwanza nimesimama upande wake, na nilisimama naye kwenye uongo, mbele ya mtoto, tena filimbi yake ikiwa shingoni mwangu.

"Saini hapa, Mwalimu," alisema, akanipa kalamu.