Kumfuata Bwana Shamba Singida Mjini

Niliondoka Ulemo kwa sababu ya viwavi. Walikuwa wameingia kwenye mahindi yangu, wanakula majani machanga katikati ya mche, na dawa niliyouziwa nilishaipuliza mara mbili bila hata mmoja kufa. Simu ya Mkumbo, bwana shamba wetu, haikupatikana. Nikaenda ofisi ya kata.

"Yuko mjini kwenye semina," mtendaji akaniambia.

"Semina ya nini?"

"Namna ya kuwafikishia taarifa za kilimo akina mama wa vijijini."

"Na mimi si mama wa kijijini?"

"Semina iko mjini, mama," akasema kwa upole, kama anayesema na mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata niling'oa mche mmoja na viwavi wake, nikautia kwenye mfuko pamoja na chupa ya dawa, nikapanda bodaboda hadi Misigiri, kisha basi. Abiria wa pembeni aliuliza nimebeba mboga gani. Nilimwonyesha. Akahamia kiti cha nyuma.

Singida mjini, mlangoni pa ukumbi, binti nadhifu aliniamkia, akauliza natoka taasisi gani. Nikamwambia natoka shambani. Akafikiri kidogo, akanivalisha kitambulisho cha "Mgeni".

Ndani, ukutani, ilionyeshwa picha ya mwanamke mwenye jembe, anacheka, kanga yake haina hata chembe ya udongo. Mwezeshaji aliuliza kwa nini taarifa hazimfikii mama huyu. Wakajibu: mila, umbali, kukosa simu janja. Nikanyoosha mkono.

"Hazimfikii kwa sababu bwana shamba wake yuko hapa."

Walicheka, wakapiga makofi. Mwezeshaji akaandika ubaoni, "Changamoto ya uwepo wa maafisa," tukaruhusiwa kwenda kunywa chai.

Kwenye chai nilimkuta Mkumbo, sambusa mkononi.

"Shikamoo mama. Umekuja kushiriki?"

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua."

Nikaufungua mfuko juu ya kitambaa cheupe cha meza. Viwavi wawili wakaanza safari kuelekea kwenye sahani. Wenzake Mkumbo walirudi nyuma. Yeye aliinama, akapanua majani kwa vidole, akaomba kuona dawa. Aliisoma chupa kwa muda mrefu.

"Mama, hii ni ya kuogeshea ng'ombe."

Sina ng'ombe. Nilikuwa nimeyaogesha mahindi. Nilitamani kulia, lakini sikutaka na hilo waliandike ubaoni.

Alasiri tulipitia duka la pembejeo, akanichagulia dawa, tukapanda basi pamoja. Karibu na Misigiri akasema, "Nisipohudhuria semina, wanasema sifanyi kazi. Nikiwa shambani kwenu, hakuna anayeniona."

"Sisi tungekuona," nikamwambia.

Ulemo, jioni hiyohiyo, alinifundisha kuelekeza dawa katikati ya mche, jua likiwa limepoa na viwavi wakianza kutoka. Majirani walipomwona walikuja mmoja mmoja, kila mama na jani lake lililotobolewa, hadi shamba langu likawa na watu wengi kuliko ule ukumbi. Mavuno yalipofika, upande wa bondeni sikuvuna kitu. Uliobaki ulipona.

Nilichojifunza ni kwamba taarifa za kilimo zipo, na ni nzuri, ila zinahitaji kusindikizwa nyumbani. Siku hizi tukisikia semina ya akina mama wakulima imeitishwa mjini, hatuulizi mada. Tunauliza inakwisha saa ngapi, tunachagua wa kwenda kumchukua bwana shamba.