Vazi la Mtawa Nililolishona Bila Viungo

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya ushonaji pale mtaa wa Jeppestown, ugenini, mwaka 2015, nilikuwa nimeshaota mvi. Patroni, yaani mwenye karakana, mtu wa Bukavu niliyemzidi umri, alinionyesha mashine yangu akasema, "Papa, huku mushono haipashwe kuonekana. Ikionekana, ba-client batatucheka."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Kwetu Lubumbashi nilisifika kwa kulaza mshono, yaani kuukunja kwa ndani na kuupiga pasi mpaka jicho lisiuone. Kiburi si maungwana, lakini nilikuwa nacho tele.

Baadaye Patroni alinikabidhi Mama Noi, Mthailandi mwenye mgahawa Turffontein. Alikuwa amefiwa na mama yake, na kwa ajili ya marehemu alitaka kutoa vazi siku ya Kathina, sikukuu ambapo Wabudha huwapa watawa wao mavazi mapya. Aliniletea kitambaa kizuri pamoja na vazi kuukuu la mfano, lililoungwa vipande vipande.

"Fuata hili hivi hivi," alisema.

Nilimdharau. Mtu ana mgahawa, anamtolea mama yake viraka! Nikalishona zima, pindo tu pembeni, nikamkabidhi likiwa limekunjwa na kufungwa.

Siku ilipofika alinialika, nikasafiri nao hadi hekaluni nje ya jiji. Walizunguka hekalu na vazi wakilibeba vichwani, wakiimba, nami nyuma yao peku, kifua mbele. Ndani, mtawa mkuu akalikunjua.

"Halikukatwa," alisema kwa upole. "Sisi hukata kitambaa kikose thamani, asikitamani mtu. Na vazi la Kathina lazima likamilike leo leo. Likilala, sadaka haihesabiki."

Mama Noi alinitazama, machozi yakimlengalenga. Eish, heri angenitukana. Aibu ilinishika nikakosa pa kuuweka uso.

Nililikata mwenyewe. Watawa waliketi nami sakafuni, kila mmoja na sindano yake. Mishono yangu ilienda upogo, lakini jua lilipotua tulikuwa tumemaliza. Kabla ya sala ya marehemu Mama Noi akaniinamia.

"Papa, mama yako anaitwa nani? Tumtaje pamoja na wangu."

Nikamtaja.

Sasa nimestaafu, hata tundu la sindano silioni. Vijana huniuliza habari za suti za maharusi, nami huwasimulia. Nikibaki peke yangu humkumbuka yule mwanamke niliyemwita bahili moyoni. Mama yangu alizikwa na nguo aliyoshonewa na fundi mwingine. Aliniomba mara nyingi nimshonee, lakini mimi nilikuwa na wateja.