Chungu Kilichokauka kwa Makusudi

Niliwahi kushtakiwa kwa kutoa kitu kwenye chungu cha maharage, na mpaka naondoka mezani sikujua nimetoa nini.

Aliyenishtaki ni mama mkwe wangu, Léontine. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, ukoo mzima umekaa, divai imeshamiminwa.

Akapeleka kijiko mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Kuna kitu umetoa humu," akasema.

"Sijatoa kitu, Mama."

"Basi kuna kitu umeweka."

"Sijaweka pia!"

"Moja kati ya hayo mawili, wewe mtu wa Toulouse. Ulimi wangu haujawahi kunidanganya."

Wifi yangu Solange akainamia sahani yake. Mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa anacheka yule, nilimwona kwa macho yangu.

Ngoja niwaambie kilichokuwa kinagombewa, msije mkadhani nalia kwa ajili ya maharage.

Hapa Castelnaudary, kusini mwa Ufaransa, kasule si chakula, ni kesi. Maharage meupe, ngozi ya nguruwe, soseji, na paja la bata bukini lililohifadhiwa kwenye mafuta yake. Vyote kwenye chungu cha udongo, moto wa taratibu, mpaka juu pajengeke gamba la kahawia. Basi. Ukiongeza kitu hapo umetafuta ugomvi.

Kwetu Toulouse wapo wanaonyunyiza mkate mkavu uliosagwa ili gamba liwahi. Carcassonne wanatia kondoo. Sasa wewe taja kondoo mbele ya mama mkwe, uone mlango wa kabati utakavyofungwa.

Alikuwa na chungu cha marehemu mama yake, kile chenye sikio moja lililokatika. Kwenye ukoo ule, mwenye chungu ndiye mwenye meza. Watoto, wajukuu, wakwe, wote Jumapili wanakula kwake. Mikono yake ilishaanza kutetemeka, na alikuwa ametangaza kwamba kabla ya Krismasi atakikabidhi. Ama kwangu, ama kwa Solange.

Mimi nilikitaka kile chungu, sifichi. Zaidi ya miaka kumi nimeolewa pale, na bado nilikuwa naitwa "yule wa Toulouse", hata nikiwa nimesimama palepale na bakuli la saladi mkononi. Niliamini nikikipata watalazimika kuniita kwa jina langu, Maylis.

Na kupika nilipika alivyonielekeza, neno kwa neno! Hata supu ya kumiminia maharage niliishia pale alipokuwa amenionyesha kwa kidole. Nilijiuliza mbona kidogo hivi, lakini nani anabishana na Léontine?

Jambo moja tu nililifanya tofauti.

Mtaa wetu, Jumamosi, watu wanapeleka vyungu kwa mzee Ulysse, mwoka mikate. Mikate ikishatoka, tanuri lake la kuni linabaki na joto la taratibu, vyungu vinaingia humo mpaka jioni. Mimi sikupeleka. Nilioka nyumbani, kwenye oveni yangu, kiti nimekiweka mbele ya mlango wake.

Kwa nini? Kwa sababu nilimshuku Solange. Yeye na mke wa Ulysse ni marafiki wa kufa na kuzikana. Kunitilia kitu chunguni ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo nililinda. Gamba likijengeka nalivunja na kulizamisha, likijengeka tena nazamisha tena. Yakikauka naongeza maji ya moto. Hakuna mkono mwingine uliogusa chungu kile.

Halafu eti nimetoa kitu!

Tulipofika nyumbani nikamgeukia mume wangu, Guilhem.

"Mama yako amenificha kiungo."

"Mama? Hawezi."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Guilhem."

"Sasa hapo nguo ni nani, mimi?"

Sikucheka. Nilikuwa nimeumia kweli.

Wiki zilizofuata Solange naye akapewa zamu. Mwenzangu akatia nyanya. Mama mkwe alitazama ule wekundu, akaweka kijiko chini bila kuonja, akaomba jibini. Moyoni nilifurahi, jamani, mimi si malaika.

Ikabaki nafasi moja, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Nikamwendea mama mkwe.

"Nitapikia jikoni kwako, Mama. Kwenye chungu chako. Wewe umesimama hapo hapo."

"Unanishuku."

"Hapana, Mama."

"Unanishuku. Haya, njoo."

Nikaenda na macho mawili nikitamani yangekuwa manne. Nilinusa kila kopo. Aligeuka kuchukua chumvi, nikageuka naye. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, nikasogea nichungulie. Akatoa kitambaa, akapenga kamasi.

Kitunguu saumu kilekile. Karafuu zilezile. Nyama zilezile. Hakuna kilichofichwa.

Nikamimina supu. Ilipofika chini ya maharage ya juu, akanishika mkono.

"Ishia hapo."

"Itakauka, Mama."

"Nimesema ishia hapo."

Sauti yake ilikuwa na kitu. Nikajua tu, kuna jambo hapa.

Akakifunga chungu kwa kitambaa. "Haya, kipeleke kwa Ulysse. Na usije ukafanya ujanja wa kuoka kwako tena."

Nikasimama kama nimepigwa kofi. Alijuaje kwamba mara ile nilioka kwangu?

Nikajiambia, sawa. Kama jikoni hakuna kitu, basi mchezo unachezwa kule kwenye tanuri.

Kwa Ulysse sikuondoka. Nikajifanya miguu inauma, nikakaa juu ya gunia la unga. Vyungu vya mtaa mzima vilikuwa vimepangwa ndani ya tanuri. Chetu kilikuwa ubavuni mwa chungu kimoja kikubwa, kimejaa mpaka kinataka kumwagika.

Mchana ule Solange akaingia. Akanong'onezana na mke wa Ulysse, wakapita chumba cha nyuma. Nikaruka, nikawafuata mbio.

"Una nini wewe?" Solange akashangaa. Mkononi alikuwa ameshika keki ya Krismasi aliyoagiza.

"Natafuta choo," nikasema.

"Choo kiko kule ulikokuwa umekaa."

Nikarudi kwenye gunia langu na aibu yangu.

Ndipo mzee Ulysse akafungua tanuri. Akachukua upawa wake wa mti wenye mpini mrefu, akaanza kuvunja magamba, chungu kimoja baada ya kingine. Alipofika kwetu akasikitika kwa kichwa. Maharage yalikuwa yamekauka, yanapasuka.

Akauzamisha upawa kwenye kile chungu kikubwa cha jirani. Akachota mchuzi, akaumimina kwenye chungu chetu. Akachota tena.

"Mzee Ulysse!" nikapiga kelele. "Unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nakinywesha. Chungu cha mama mkwe wako hukauka kila kikija."

"Na huo mchuzi ni wa nani?"

"Wa Zélie."

Nikajishika kichwa.

Zélie ni dada mkubwa wa mama mkwe. Aliolewa Carcassonne, akafiwa na mume, akarudi mtaani na mapishi ya huko. Siku ya matanga ya mama yao alileta kasule. Léontine alionja, akasikia kondoo, akabeba chungu mpaka uani, akawamwagia mbwa mbele ya watu wote. Tangu siku ile hawasalimiani. Wakikutana sokoni kila mmoja anageuka kuangalia mafungu ya vitunguu kama hajawahi kuona kitunguu.

"Mzee," nikasema, "Zélie anatia kondoo!"

"Mambo ya kondoo usiniletee mimi. Mimi naona kilichojaa na kilichokauka."

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu Zélie arudi."

Sasa hesabu mwenyewe. Ile ladha ambayo mama mkwe aliionja kila Jumapili akafumba macho na kusema "hii ni ya mama yetu", ilikuwa na mchuzi wa kondoo wa dada yake. Na mimi niliyelinda chungu changu kama askari, nikakijaza maji matupu, ndimi niliyeukosa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Zélie. Alikuwa anaandaa meza ya kesho. Sahani moja, glasi moja.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Léontine anajua uko hapa?"

"Hajui. Nimetoka kwa Ulysse. Nimeona."

Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Mama mkubwa, kile chungu ni cha watu wanane. Unakipika cha nini, na uko peke yako? Na mbona unakijaza hivyo?"

"Kwani unadhani sijui kupima supu?" akasema. "Mdogo wangu tangu usichana supu yake huwa kidogo. Nilimwambia Ulysse, kinachozidi kwangu asikiache, akitie kwake. Angalau asile maharage makavu."

"Ungemwambia tu."

"Akijua ataacha kula. Atamwaga kama siku ile. Usimwambie, mwanangu. Nakuomba."

Nikamwahidi. Mungu shahidi yangu, nilikusudia kutimiza.

Jumapili ikafika. Mama mkwe akapeleka kijiko mdomoni. Akatafuna. Akafumba macho.

"Hii ndiyo," akasema. "Hii ni ya mama yetu."

Watu wakapiga makofi. Guilhem akanifinya goti kwa furaha. Solange akanywa divai yake yote kwa mkupuo mmoja. Mama mkwe akakisukuma chungu mbele yangu, sikio lililokatika likanielekea.

Nilichotakiwa kufanya ni kimoja tu. Kunyamaza.

Lakini akaongeza, "Mmeona? Kasule safi haihitaji kondoo. Wanaotia kondoo wacha wale peke yao."

Nikaiona ile sahani moja. Nikaiona glasi moja. Ahadi yangu ikaniponyoka.

"Mama, kondoo yumo."

Vijiko vyote vikasimama.

Nikasema yote. Tanuri, upawa, chungu kikubwa, mchuzi wa Zélie, Jumamosi zote hizo. Huku nasema huku nikijua kwamba nakiaga chungu, na pengine nauaga ukoo.

Mama mkwe hakupepesa jicho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nimepika maharage tangu kimo changu kiko sawa na meza hii. Unadhani sijui kupima supu?"

Maneno yaleyale. Karibu sauti ileile.

"Unajua?" Guilhem akauliza. "Mama, unajua?"

"Mkono wa dada yangu niukose?" Akashika ukingo wa chungu kwa vidole vinavyotetemeka. "Nilionja mara ya kwanza, nikatambua. Jumamosi iliyofuata nikapunguza supu makusudi, nione kama Ulysse atachota tena kwake. Akachota. Nikaendelea kupunguza."

Solange akaangalia sahani yake kwa hofu. "Yaani siku zote hizi tunakula kondoo?"

"Mchuzi wake, si nyama yake," mama mkwe akamkata. "Kuna tofauti."

"Sasa Mama," nikasema, na machozi yalishaanza, "siku ile ya Watakatifu Wote mbona hukuniambia kilichokosekana? Umeniacha nimhisi kila mtu!"

"Ningekuambia nini? Kwamba umesahau kutia dada yangu?"

Nje upepo ulikuwa unagonga dirisha.

Mama mkwe akasimama. Akakibeba chungu. Wote tukawaza jambo moja, uani na mbwa. Guilhem akanyanyuka kumzuia.

Akampita. Akatoka mlango wa mbele, bila koti, akashuka mtaa na chungu kifuani. Nikamkimbilia na shali. Kwa mikono ile nilikuwa na hakika kitaanguka, lakini kila nilipotaka kukipokea alinisukuma kwa kiwiko.

Akagonga kwa Zélie kwa ncha ya kiatu.

Zélie akafungua. Kitambaa cha kulia chakula kilikuwa bado shingoni. Aliniangalia mimi kwanza, nikainamisha uso. Kisha akamwangalia mdogo wake. Kisha akachungulia chunguni.

"Imekauka," akasema.

"Najua," mama mkwe akajibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Zélie akasogea kumpisha.

Mimi nilibaki kizingitini nimeshika shali, nalia bila aibu, mpaka sauti ya mama mkwe ikatoka ndani: "Maylis! Unaingia au unatuingizia baridi?"

Chungu sikukipata, nisiwadanganye. Mpaka leo kiko kwa Zélie, Jumapili wote tunakula kule, na wale wawili wanagombana kuhusu kondoo tangu supu mpaka jibini. Solange ananiambia ningefunga mdomo saa hizi chungu kingekuwa changu. Ni kweli.

Ila nimejifunza hivi. Nilimshuku wifi, nikamshuku mama mkwe, nikanusa makopo yote ya jikoni, na muda wote mwizi hakuwepo. Ukimsikia mtu mkali wa nyumbani kwako anasema kuna kitu kimekosekana mezani, usiwahi kukagua viungo. Hesabu kwanza watu.